Beetle 1300 ya 1969 inayochemsha: shajara ya matengenezo, Mbale, Uganda

11 Januari 2025. Gari, malalamiko na vipimo vya kwanza

Gari ni Volkswagen Beetle 1300 ya 1969. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,285, nguvu za farasi 40, umeme wa volti 12, dinamo ya kawaida na kabureta ya Solex 30 PICT. Rejeta ya oili ni ya mtindo wa zamani, imesimama ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda za kushoto. Kuanzia modeli za 1971 kiwanda kiliitoa hapo na kuipa njia yake ya hewa, kwa sababu ilipokuwa ndani ilikuwa inaikinga silinda namba 3 isipate hewa. Hesabu ya silinda ni hii: 1 mbele kulia, 2 nyuma kulia, 3 mbele kushoto, 4 nyuma kushoto, ukiwa umekaa unaelekea anakoelekea dereva.

Mjini Mbale gari linakwenda vizuri. Kwenda Tororo, kwenye tambarare, linavumilia. Likipandishwa mlimani kwenda Sipi ndipo linapochemsha: nguvu zinakwisha kwenye kona za juu, injini inagonga kama misumari ndani ya mkebe, taa ya oili inamwekamweka gari likisimama, na ukizima ufunguo injini inaendelea kujizungusha kwa sekunde kadhaa. Beetle halikuwekewa geji ya joto. Injini hupozwa kwa hewa: hakuna maji ya kutoa mvuke wala rejeta ya maji ya kufunua, kwa hiyo dalili hizo nne ndizo geji, na zote huja joto likiwa limeshapita kiasi.

Waliolishika kabla walibadilisha koili, pampu ya petroli na kabureta. Hakuna aliyepima joto. Sisi tumeanza hapo.

Tumetumia multimita yenye waya wa joto wa aina ya K, nyaya mbili. Mmoja unaingia kwenye tundu la kijiti cha oili mpaka ncha iguse oili, mdomo wa tundu ukazibwa kwa utepe. Wa pili unakaa chini ya plagi, kwenye washa yake ya milimita 14. Waya wa kwanza uliunganishwa kwa risasi ya kulehemu redio, ukaanguka kabla ya kufika juu: risasi hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190, na hedi (kichwa cha silinda) inapita hapo bila shida. Dawa ni kuubana waya ndani ya pete ya shaba kwa koleo, bila risasi yoyote. Bunduki ya kupimia joto kwa mbali (ya infraredi) isikudanganye pia. Kwenye alumini inayong'aa husoma chini sana. Ukiwa nayo hiyo tu, paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa kwenye hedi ndipo upime.

Tulivyosoma mwisho wa kupanda Sipi, hewa ya nje ikiwa nyuzi 27: oili 126, chini ya plagi ya 3 nyuzi 243, chini ya plagi ya 1 nyuzi 208.

Oili ya injini hii inafaa kukaa kati ya 80 na 110. Ikipita 120 inakuwa nyepesi mno na mabeleni (beringi za injini) yanaanza kuteseka. Chini ya plagi, mpaka 200 hivi wakati wa kupanda si neno. Ikipita 230 alumini ya hedi inaanza kulegea na kiti cha valvu kinaweza kuchomoka.

Tunazisoma namba hizi hivi. Hedi zikiwa moto na oili iko sawa, kosa liko kwenye moto wenyewe: taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), mchanganyiko wa petroli, valvu. Oili ikiwa moto na hedi ziko sawa, tafuta njia ya oili: rejeta na valvu ya presha. Vyote viwili vikiwa moto, hewa haifiki. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa zaidi ya nyuzi 20 hivi, hewa ya upande huo imezibwa. Hapa tunaona vyote kwa pamoja, maana yake kosa si moja.

18 Januari. Mkanda, taimingi, tapeti

Mkanda wa feni ulikuwa unacheza sentimita 3 ukiubonyeza kwa kidole gumba. Kipimo ni milimita 15. Feni ya gari hili inazungushwa na mkanda huohuo wa dinamo. Ukiteleza taa ya chaji inaweza isiwake, lakini hewa imeshapungua. Umewekwa mpya, 9.5 x 905. Kuukaza ni kutoa washa katikati ya nusu mbili za puli ya dinamo na kuzihamishia nje, chini ya nati. Usizitupe, utazihitaji siku ya mkanda mwingine.

Kazi kubwa ilikuwa taimingi. Distributa (kigawa umeme wa plagi) ya kiwandani ilishatolewa, ikawekwa Bosch 009, isiyo na mpira wa vakyumu. Distributa hii haitegwi kwa taa ya majaribio injini ikiwa imezimwa, halafu ukaiacha hapo. Inategwa kwa taa ya kumulika, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,500, ili uone moto unatangulia kiasi gani kwa ujumla. Iliyotegwa kwa sikio, mpaka "injini iitike", karibu kila mara hutangulia kupita kiasi, na iliyotangulia kupita kiasi huchemsha hedi kuliko kitu kingine chochote unachoweza kukosea kwa bisibisi moja.

Puli nyingi hazina alama ya digrii 30, lakini kuna njia ya uzi. Zungushia puli uzi, pima urefu wake, gawanya kwa 16. Kutoka kwenye alama ya digrii 7.5, pima urefu huo kuelekea kulia ukingoni mwa puli, chora mstari mweupe: hapo ni digrii 30. Kwenye puli ya kawaida inakuja milimita 34. Hakikisha kwanza alama unayoanzia ni ya 7.5 kweli, maana puli za miaka tofauti zina alama tofauti. Kwenye zenye alama mbili tu, ya kushoto ni 7.5 na ya kulia ni 10, na hakuna alama ya pistoni kuwa juu kabisa.

Tega kwanza nafasi ya pointi za distributa, milimita 0.4, ndipo taimingi. Ukifanya kinyume utairudia kazi, kwa sababu kugusa pointi kunahamisha taimingi. Taa ilituonyesha digrii 41. Imerudishwa 30.

Tapeti, yaani nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi kabisa, zote milimita 0.15. Saba zilikuwa karibu na kipimo. Ya eksozi ya silinda 3 haikupitisha hata fila geji ya 0.05. Ikategwa, ikaandikwa pembeni.

Sipi tena: kugonga kumekwisha. Plagi ya 3 nyuzi 222, plagi ya 1 nyuzi 188, oili 123. Hedi zimeshuka kwa nyuzi ishirini hivi, oili imekaa palepale. Taimingi ilikuwa na sehemu yake, lakini tofauti ya kushoto na kulia haikutikisika.

Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, tapeti ya eksozi ya 3 ilikuwa imebana tena mpaka 0.08. Hapa wengi hutega tena wakaondoka. Nafasi ikijibana yenyewe, ama valvu inarefuka ama kiti chake kinazama, na valvu inayorefuka mwisho wake hukatika kichwa kikaangukia pistoni. Hedi lazima ishuke.

25 Januari. Visivyosaidia

Haya tumeyajaribu kwa sababu kila anayelitazama gari huyapendekeza, na inafaa namba ziwepo.

Oili nzito zaidi. Tulimwaga 20W-50, tukaweka SAE 40. Injini inachukua lita 2.5 tu, kwa hiyo jaribio ni rahisi. Taa ilitulia kidogo gari likisimama, joto halikubadilika. Oili nzito hunyamazisha taa, haiondoi joto. Ikizidi uzito kuna ubaya mwingine: ikiwa baridi, presha inapanda, valvu ya presha inafunguka, na oili inapita pembeni bila kugusa rejeta.

Jeti ya kabureta (tundu la kupitishia petroli) kubwa zaidi, kutoka 125 kwenda 130. Plagi ya 3 ilishuka nyuzi 6, lakini plagi zote nne zikatoka nyeusi za masizi. Mbale iko juu ya mita 1,100 na Kapchorwa inakaribia 1,900, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, mchanganyiko unazidi kuwa na petroli nyingi wenyewe. Jeti ya 125 imerudi. Kabla ya hapo tulihakikisha hakuna hewa ya wizi: injini imewashwa sasa hivi tu, ingali baridi, nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye gasketi ya chini ya kabureta na kwenye miguu ya manifoldi. Mlio haukubadilika. Usifanye hivyo eksozi ikiwa moto.

Kuachia boneti ya nyuma wazi kwa kipande cha ubao chini. Joto lilipanda, oili 125 badala ya 123. Feni ya Beetle inavuta hewa kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma. Ukifungua chini unaipa njia fupi ya kuvuta hewa iliyotoka kwenye eksozi.

Rejeta ya ziada ya nje, yenye feni yake ya umeme. Hatukuinunua. Tuliambiwa shilingi 450,000 bila mipira. Ya kiwandani ilitosha kwenye barabara za Safari Rally, ambayo Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962 kabla ya kilomita nyingi za njia zile kuona lami. Kama ya kiwandani haitoshi leo, kuna kitu kimeizuia.

1 Februari. Kipimo cha kaveera

Kata kaveera (mfuko wa plastiki) nyembamba utepe wa upana wa kidole, ifunge kwenye kijiti. Washa injini, ishike kwenye mizunguko 1,500. Usitumie moshi wa udi wala sigara, kuna petroli humo ndani.

Chini ya silinda 1 na 2, utepe ulipeperushwa kwa nguvu kuelekea chini. Chini ya 3 na 4 ulitikisika tu. Hilo peke yake lilitosha kutuamulia injini itoke.

Tukauzungusha utepe ukingoni mwa chumba cha injini, pale ambapo bati la injini linakutana na bodi. Karibu pande zote ulivutwa kuingia ndani, yaani feni ilikuwa inainyonya hewa ya moto iliyotoka chini na kuirudisha juu tena. Mpira wa kuziba ukingo ule haupo kabisa. Mipira mikubwa ya kwenye waya za plagi, inayoziba matundu ya mabati, ilikuwa miwili badala ya minne. Na midomo miwili ya pembeni ya nyumba ya feni, iliyokuwa inapeleka hewa kwenye hita, ilikuwa wazi. Huku kwetu hita huonekana kitu cha ovyo, mipira yake hutupwa, lakini midomo ikiachwa wazi sehemu nzuri ya hewa ya feni inamwagika kabla haijaona silinda.

8 Februari. Injini nje

Kutoa injini ni kazi ya kawaida: betri, nyaya tatu nne, waya wa kanyagio la mafuta, mpira wa petroli (uzibe kwa bolti), nyaya za hita, bolti nne za spana 17. Ina uzito wa kilo 110 hivi, jeki ya kitoroli na watu wawili.

Nyumba ya feni ilipoinuliwa, upande wa kushoto ukajieleza. Sili mbili za chini ya rejeta ya oili zilikuwa zinavuja, oili ikashika vumbi jekundu la miaka, ikawa ukoko mgumu uliojaza mapezi ya rejeta kuanzia chini mpaka theluthi mbili kwenda juu. Ukiishika rejeta mbele ya jua, mwanga ulipita sehemu ya juu tu. Nyigu walikuwa wamejenga vyumba vya udongo nyuma yake, vimekauka kama tofali, na kati ya mapezi ya silinda 3 kulikuwa na nyuzi za kitambaa kilichowahi kuvutwa na feni.

Vibao vya kuelekeza hewa ndani ya nyumba ya feni vimekatwa, na themostati inayovifungua, iliyo chini ya silinda 1 na 2, haipo. Fundi aliyekata pengine alifikiri anaifungulia hewa njia. Vibao vile vikiwa wazi kabisa ndivyo vinavyoigawa hewa na kuielekeza silinda. Ukivitoa, hewa hupita inapopenda, na haipendi kupita penye rejeta.

Kubwa kuliko yote hayo: mabati madogo ya chini, kati ya silinda 1 na 2 na kati ya 3 na 4, hayapo. Ni vipande viwili vya bati visivyozidi kiganja, na ukiangalia injini iliyounganishwa huvioni. Kazi yake ni kuilazimisha hewa iikumbatie silinda mpaka tumboni. Bila hivyo hewa hushuka moja kwa moja katikati, na upande wa chini wa silinda unapikwa.

22 Februari. Usafi na mabati

Rejeta: nje, ililazwa kwenye mafuta ya taa usiku kucha, ikasuguliwa kwa brashi ya nywele (ya waya hukunja mapezi), ikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Ndani, ilijazwa dizeli na kupulizwa kinyume cha mwendo wa oili mpaka dizeli ikatoka safi. Kisha tulifunga mdomo mmoja, tukaweka hewa ya bar 5, tukaizamisha kwenye pipa la maji. Hakuna povu. Kama injini yako iliwahi kusaga beleni, usihangaike kuisafisha rejeta, tupa. Vumbi la chuma halitoki lote.

Sili zake zina mitego. Injini za mpaka 1969 zina matundu ya milimita 8, za baadaye 10, na pakiti ya gasketi huja na za aina zote. Ya 10 kwenye tundu la 8 hukaa vizuri ukiitazama, halafu huvuja baada ya wiki.

Mabati madogo ya chini hatukuyapata soko la vipuri la Kisekka, Kampala, wala Nairobi kwa wakati, yakatengenezwa hapa mjini kwa bati la milimita 0.8. Ya kwanza yalikatwa kwa kukisia: yalikaa milimita 5 mbali na mapezi, yakawa yanapiga kelele na hewa inapita pembeni. Ya pili yalitokana na kielelezo cha kadibodi kilichobonyezwa kwenye silinda zenyewe, kingo zikakunjwa kuyafuata mapezi, na ulimi mdogo ukashika kwenye stadi. Yakiwa sawa, unayaingiza kwa kuyabana na hayachezi.

Nyumba ya feni nzima yenye vibao vyake ilipatikana Nairobi, Grogan, ikaja kwa basi la usiku kupitia Malaba. Unapopokea ya mtumba, zungusha ekseli za vibao kwa mkono. Zilizoshika kutu huonekana nzima. Tuliichomoa feni kusafisha, tukairudisha kwa washa zake zilezile: nafasi kati ya feni na kifuniko ni milimita 2 hivi, na feni inayogusa utaisikia dakika ya kwanza.

Midomo ya hita tulianza kwa kuiziba kwa vifuniko vya mikebe na utepe. Vilirushwa injini ilipojaribiwa chini. Sasa ni kofia za bati zilizopigwa ribiti.

Mpira wa ukingo: mpira wa mlango wa taxi unaingia, unaziba, na unayeyuka upande wa eksozi. Wa Beetle wenyewe una mfereji pande mbili, mmoja unashika bodi, mwingine bati. Ulinunuliwa huo.

8 Machi. Hedi na kuunganisha

Valvu ya eksozi ya 3 ililazwa kwenye kioo pamoja na ya 1. Ilikuwa ndefu kwa nusu milimita, na shingo yake chini ya kichwa imekonda kiasi cha kuonekana kwa macho. Viti vyote viko imara. Valvu zote nne za eksozi zimewekwa mpya, gaidi (mirija inayoongoza valvu) mbili za kushoto zimebadilishwa kwenye mashine. Anayenunua hedi mpya azimulike kwa tochi kati ya mapezi karibu na tundu la eksozi. Nyingi huja na masalia ya alumini ya kiwandani yamefunga njia ya hewa, ni ya kutoa kwa msumeno mwembamba kabla hedi haijapanda.

Mirija minane ya fimbo za tapeti ni mipya. Kila mmoja uvutwe kwa mkono mpaka urefu wa milimita 190 hadi 191 kabla ya kuingia, mshono ukitazama juu. Mfupi utavuja, na kila tone linalovuja hapa linakwenda kukamata vumbi kwenye mapezi. Mabati madogo yaingie sasa, kabla ya mirija na hedi, baadaye hayaingii. Nati za hedi: zote Nm 10 kwanza, halafu Nm 32, kwa mpangilio wa kitabu.

15 Machi. Hedi zimepoa, oili bado

Sipi, hewa ya nje nyuzi 28. Plagi ya 3 nyuzi 194, plagi ya 1 nyuzi 187. Kushoto na kulia sasa ni ndugu. Oili: 117.

Imeshuka, lakini si kwa kiasi hicho. Rejeta ni safi, hewa inafika, moto uko sawa. Kwa hesabu ya siku ya kwanza, oili ikiwa moto peke yake kosa liko kwenye njia yake. Geji ya presha ilifungwa mahali pa swichi ya taa: bar 1.4 kwenye mizunguko 2,500, oili ikiwa moto. Kiwango cha chini ni bar 2.

Presha ya chini huwa ni mabeleni yaliyolika au valvu ya presha. Valvu ni shilingi makumi ya elfu, mabeleni ni injini nzima, basi valvu ndiyo huanza. Injini ya umri huu ina moja tu, chini, upande wa kushoto karibu na puli, nyuma ya skrubu pana yenye mfereji. Skrubu ikatoka, springi ikaanguka, pistoni ndogo haikushuka. Ilikuwa imekwama nusu njia, yaani sehemu ya oili ilikuwa inarudi chini siku zote bila kuiona rejeta. Oili nzito ya miaka haikuwa imesaidia.

Kuitoa: ingiza tepu ya M10 ndani ya pistoni, ikate uzi kidogo tu, ivute ikija nayo. Ukuta wake ulikuwa na michubuko. Tundu lilisuguliwa kwa karatasi ya msasa 1000 iliyozungushiwa kijiti na kulowekwa oili, kidogo sana, kisha likaoshwa mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Pistoni na springi mpya. Pistoni ikiwa kavu inafaa iteleze kwa uzito wake.

Presha ikawa bar 2.3. Mabeleni yamepona lawama.

22 Machi. Sipi

Nje nyuzi 27. Oili 103, plagi ya 3 nyuzi 191, plagi ya 1 nyuzi 185. Taa haimwekimweki, injini inazimika mara ufunguo unapogeuzwa.

Namna ya kuendesha ina nyuzi zake pia. Kona zilezile zikipandwa kwa gia ya nne, mguu umekanyaga hadi chini, plagi ya 3 ilifika 209. Kwa gia ya tatu ilikuwa 191. Kasi ya feni hufuata kasi ya injini. Injini ikijikokota inajitwisha mzigo huku ikijinyima hewa.

29 Machi. Gharama, kwa shilingi za Uganda

Multimita na nyaya 85,000. Mkanda 25,000. Pointi, kondensa na plagi 70,000. Oili lita 10, pamoja na zilizomwagwa, 180,000. Valvu, gaidi na mashine 320,000. Gasketi na sili 150,000, mirija 120,000. Nyumba ya feni ya mtumba 380,000. Mabati madogo na kofia, mara zote mbili, 40,000. Mpira wa ukingo 110,000, mipira ya plagi 30,000. Themostati ya mtumba 90,000. Pistoni na springi ya presha 45,000. Vifurushi vya basi 60,000. Petroli ya majaribio 270,000. Jeti 15,000 na mpira wa mlango 20,000 zimepotea. Jumla 2,010,000, kazi ya mikono haimo.

Themostati ilipimwa kwenye sufuria kabla ya kufungwa: ya asili, ya shaba yenye mikunjo, huanza kujinyoosha maji yakiwa kati ya nyuzi 65 na 70. Ikitoboka hujinyoosha yenyewe na kuviacha vibao wazi. Za nta zinazouzwa sasa zikifa huvifunga, kwa hiyo za namna hiyo hatuzifungi. Itegwe hivi: vibao vikiwa wazi kabisa, kichwa chake kiguse juu ya kishikizo.

10 Mei. Nyongeza

Tapeti zilipimwa baada ya kilomita 500 na tena sasa. Eksozi ya 3 imekaa 0.15. Mkanda ulikazwa kwa washa moja, kama mkanda wowote mpya. Oili inabadilishwa kila kilomita 5,000, chujio la waya la chini likioshwa, na nati ndogo za kifuniko chake Nm 7 tu. Zaidi ya hapo stadi huchomoka.

Mrija mmoja wa silinda 4 umeanza kulowa upande wa bloku. Ni upande uleule wa rejeta, na vumbi la njia ya Kapchorwa halisubiri, kwa hiyo haukuachwa mpaka injini itoke tena. Umeagizwa mrija wa vipande viwili wenye springi, unaoingia bila kushusha hedi: toa kifuniko cha tapeti na roka, vuta fimbo yake, ukunje mrija mbovu na kuuchomoa, ubane mpya, uachie ujipanue mahali pake, sili zote mbili zikiwa zimepakwa oili.